Kinda asiyejua kula asiuzwe

Msomaji, bila shaka umewahi kumwona mtu huyu. Husimama kando ya barabara jioni, wakati magari yamekwama kwenye msongamano, akiwa na boksi la katoni mkononi. Ndani ya boksi hilo mna viumbe wawili au watatu wasio na manyoya, macho yao hayajafunguka sawasawa, na wanatetemeka. "Kasuku hawa, mzee," anakuambia kupitia dirisha la gari. "Mchukue angali mdogo umlishe kwa mkono wako mwenyewe. Akikua atakujua wewe kama mama yake. Atakaa begani, atasema." Watoto walioketi nyuma wanaanza kuomba kwa kelele. Bei inapungua kidogo. Magari yanaanza kusonga, nawe unaondoka na kinda mapajani.

Maoni yangu ni kwamba biashara hii ya kuuza makinda ambao bado hawajui kula wenyewe inafaa kukomeshwa, na wa kwanza kuikomesha ni mnunuzi. Sisemi hivyo kwa kuchukia ufugaji wa ndege. Kwangu nyumbani wamo ndege hadi leo. Nasema hivyo kwa sababu niliwahi kununua kinda wa namna hiyo nikamwua, na kazi ya kumwua ilinichukua siku sita tu.

Alikuwa kokateli, yule kasuku mdogo wa asili ya Australia mwenye kishungi kichwani. Muuzaji alinihakikishia kwamba kinda alikuwa na majuma matano. Leo nikikumbuka umbo lake, naamini hakuwa amemaliza hata mawili. Niliagizwa nimlishe uji mwepesi wa wimbi kwa bomba la sindano lililoondolewa sindano yenyewe, "kama mtoto tu". Nami nilitii. Niliongeza na maziwa kidogo ili apate nguvu. Uji ukipoa niliupasha tena katika maikrowevu, nikauonja kwa ncha ya ulimi, nikaona ni vuguvugu. Binti yangu, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka saba, alipewa heshima ya kusukuma bomba.

Siku ya tatu ngozi ya kifua cha kinda ilikuwa nyekundu. Siku ya tano ilikuwa ngumu kama gamba. Asubuhi ya siku ya sita, uji aliokuwa amelishwa ulianza kuchuruzika nje kupitia tundu lililotoboka chini ya shingo. Daktari wa mifugo niliyempelekea hakunigombeza. Aliniuliza tu kama nina kipimajoto nyumbani. Kinda alikufa mchana huo, na jioni binti yangu akaniuliza kama ni yeye aliyemchoma, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akisukuma. Sijapata kuulizwa swali gumu kuliko hilo.

Wengi wetu hatujui mwili wa kinda unavyofanya kazi. Chakula anachomeza hakiendi moja kwa moja tumboni, bali hukaa kwanza katika gole, yaani kile kifuko kilicho chini ya shingo ambacho kila mtu aliyewahi kuchinja kuku amekiona kikiwa kimejaa mahindi. Kwa kinda asiye na manyoya, ukuta wa gole na ngozi iliyoufunika ni vyembamba mno hata unaweza kuona chakula kilichomo. Chakula chake kinatakiwa kiwe na joto la kati ya digrii 39 na 41 za Selsiasi. Kikizidi 43 hivi, kinaunguza. Kikiwa chini ya 38, kinda hukikataa, au akikimeza, gole hulegea na chakula kikalala humo mpaka kikachacha. Baina ya chakula kizuri na chakula kinachoua pana digrii mbili tatu tu, na ulimi wa mtu mzima aliyezoea kunywa chai ya moto hauwezi kuzipima. Maikrowevu nayo ni hatari zaidi kwa sababu haipashi sawasawa. Upande mmoja wa kikombe huwa vuguvugu na upande wa pili unachemka. Mimi nilionja upande usiofaa.

Tena kuna suala la njia. Mfungue kinda mdomo, kama unathubutu, utaona tundu la kupumulia liko pale pale nyuma ya ulimi, wazi, karibu kabisa na njia ya chakula. Ndege hana kile kiwambo kinachotusaidia sisi kukohoa kwa nguvu na kutoa kitu kilichopotea njia. Ukisukuma bomba wakati kinda hajaanza kutikisa kichwa na kumeza mwenyewe, chakula huingia mapafuni. Akipata kingi hufa palepale mkononi. Akipata kidogo hufa baada ya siku mbili tatu kwa kichomi, na wewe utasema alikuwa dhaifu tangu mwanzo. Watu wenye ujuzi huingiza bomba kutoka upande wa kushoto wa mdomo wa ndege wakilielekeza kulia, maana umio wake hupita upande wa kulia wa shingo. Je, muuzaji wa barabarani alikwambia hayo?

Sasa tuje kwenye saa. Kinda wa kasuku aliyeanguliwa leo hulishwa kila baada ya saa mbili, mchana na usiku. Akifikisha juma moja, kila baada ya saa tatu hivi. Kila mara anapewa chakula kisichozidi sehemu moja ya kumi ya uzito wake, na uzito huo hupimwa kwa mizani inayosoma gramu moja moja, kila asubuhi kabla ya mlo wa kwanza. Kinda wa wale kasuku wadogo kabisa, wa kijani na samawati, huwa na uzito wa gramu mbili hivi anapotoka kwenye yai. Kumi ya gramu mbili ni tone. Wewe unaondoka nyumbani kabla ya jua kuchomoza ili uwahi matatu, unarudi usiku. Anayebaki na kinda ni msichana wa kazi, ambaye tayari ana mtoto wa kubeba, nguo za kufua na chakula cha kupika. Kinda akifa, lawama ni zake. Nimelisikia jambo hili katika nyumba nyingi mno hata siwezi kulinyamazia.

Joto nalo ni kisa kingine. Kinda asiye na manyoya hawezi kujipasha. Katika siku zake za kwanza anahitaji mahali penye joto la digrii 36 hivi, halafu linapunguzwa polepole kadiri manyoya yanavyoota. Wenye vifaa hutumia sanduku lenye balbu au kipasha joto na kipimajoto ndani yake. Lakini stima ikipotea usiku, na sote twajua kwamba hupotea, watu hukumbuka jiko la makaa. Wanaliingiza chumbani, wanafunga dirisha ili baridi isiingie, na kinda anawekwa karibu. Nakuomba, msomaji, usifanye hivyo kamwe. Makaa yanayowaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya kaboni monoksidi isiyo na harufu wala rangi. Ndege, ambaye mapafu yake huvuta hewa kwa ufanisi kuliko yetu, ndiye hutangulia kufa. Wachimbaji wa makaa ya mawe wa Uingereza walishuka migodini na ndege wadogo vizimbani kwa sababu hiyo hiyo, na waliendelea hivyo hadi mwaka wa 1986. Wa pili kufa ni watoto waliolala humo. Chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa kitambaa kizito ni salama zaidi, ingawa nayo hupoa na lazima ubadilishe maji.

Wafugaji wa njiwa watasema haya yote ni mambo ya kasuku wa matajiri. La hasha. Njiwa ndiye mgumu zaidi. Katika siku zake za kwanza kinda wa njiwa hali nafaka hata kidogo. Hulishwa maziwa ya njiwa, ambayo si maziwa kama ya ng'ombe bali ni kitu kizito cha rangi ya jibini kinachotengenezwa ndani ya gole la wazazi, baba na mama pia, chenye protini na mafuta mengi. Heroe wa Bogoria na Nakuru nao hulisha makinda wao kwa maji ya namna hiyo. Hakuna duka la jijini linalouza kitu hicho. Mkate uliolowekwa kwenye maziwa si badala yake. Ndege hana uwezo wa kuyeyusha sukari iliyo katika maziwa ya ng'ombe, kwa hiyo unampa kuhara tu. Na wapo wanaotafuna mahindi au chapati na kumpa kinda kutoka mdomoni mwao, wakiiga njiwa mzazi. Mate yetu yamejaa vijidudu ambavyo mwili wa ndege haukuvizoea. Desturi hiyo ina huruma ndani yake, lakini inaua.

Hapo nimefika kwenye jambo linalohusu afya yako wewe na jamaa yako.

Kasuku na njiwa huweza kubeba bakteria aitwaye Chlamydia psittaci. Huyu ni wa ukoo mmoja na yule wa ugonjwa wa zinaa, lakini si yeye, na haambukizi kwa njia hiyo. Ugonjwa wenyewe wengine huuita homa ya kasuku. Mtu huupata kwa kuvuta vumbi la mavi yaliyokauka, vumbi la manyoya au majimaji ya puani na mdomoni mwa ndege, na ndege mwenyewe anaweza kuonekana mzima kabisa. Kati ya siku 5 na 14 hivi baadaye, mtu huanza kupata homa, kuumwa kichwa sana, maumivu ya misuli na kikohozi kikavu. Wengine hupata kichomi kikali. Katika miaka ya 1929 na 1930 ugonjwa huu ulizuka katika nchi kadhaa kutokana na kasuku waliosafirishwa kutoka Amerika Kusini, hata Rais Herbert Hoover wa Marekani akatia sahihi amri ya kuzuia kasuku kuingizwa nchini mwake mnamo Januari 1930.

Sitaki kukutia hofu. Ugonjwa huu hautokei mara kwa mara, na una dawa, hasa za jamii ya tetrasaiklini ambazo daktari atakuandikia. Shida ni kuutambua. Hapa kwetu, homa, kichwa na maumivu ya viungo mara moja huitwa malaria, na vipimo vya malaria visipoonyesha kitu huitwa homa ya matumbo. Daktari hawezi kuota ndoto kwamba una kinda wa kasuku jikoni. Kwa hiyo mwambie. Ukienda zahanati na homa, sema bila kuulizwa, "Daktari, nafuga ndege." Maneno hayo matatu yanaweza kukuepusha na juma zima la dawa zisizofaa.

Mlishaji wa kinda yuko hatarini kuliko mfugaji wa kawaida, kwa sababu hukaa naye uso kwa uso mara nane kwa siku, akimpangusa mdomo na kumwondolea mavi. Salmonela nayo huweza kupitia mikono hiyo hiyo hadi kwenye sahani ya mtoto. Bomba na kikombe cha kinda visioshwe kwenye sinki la vyombo vya nyumbani. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla na baada. Mama mjamzito, mtoto wa chini ya miaka mitano, na mtu mwenye upungufu wa kinga mwilini, hao wasipewe kazi ya kulisha hata wakiomba.

Na tafadhali, ile tabia ya kununua kapsuli za tetrasaiklini kwenye duka la dawa, kuzipasua na kuzinyunyiza katika chakula cha kinda "ili asishikwe na chochote", tuiache. Dawa hiyo huua vijidudu vizuri vya tumboni mwa kinda, kuvu inapata nafasi ya kuota kwenye gole, na wale bakteria wanaosalia wanajifunza kuizoea dawa ambayo kesho utaihitaji wewe.

Naijua hoja ya upande wa pili, tena ina nguvu. Ndege aliyelishwa kwa mkono huwa mpole. Ni kweli. Lakini anakuwa mpole kwa namna gani? Mtaalamu wa Austria, Konrad Lorenz, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka wa 1973, alionyesha jinsi vifaranga wa bata bukini wanavyomchukua yeyote wanayemwona mwanzo kuwa mzazi wao, na wakamfuata yeye mwenyewe kila alikokwenda. Kasuku hahitimu upesi kama bukini, ila naye akilelewa na mtu peke yake tangu siku za mwanzo anaweza kukua akidhani yeye ni mtu. Huko Nyuzilandi kuna kasuku mkubwa asiyeruka aitwaye kakapo. Mwaka wa 1995 walikuwa wamebaki 51 tu duniani. Wataalamu wamewaongeza hadi zaidi ya 200, na kulisha kwa mkono kumekuwa sehemu ya kazi hiyo. Mmoja wao, Sirocco, aliyeanguliwa mwaka wa 1997, alilelewa na watu kwa sababu ya ugonjwa wa kifua. Hakuwahi kuwataka kakapo wenzake. Mwaka wa 2009, mbele ya kamera, alimpanda kichwani mtaalamu wa wanyama Mark Carwardine akitaka kujamiiana naye. Watu walicheka dunia nzima. Mimi pia nilicheka, kisha nikafikiria yule kasuku wa jirani ambaye hujinyofoa manyoya kila mwenye nyumba anaposafiri.

Basi kulisha kwa mkono ni dawa ya dharura. Mzazi amekufa, au amewatupa watoto, au aina nzima inakaribia kutoweka. Dawa ya dharura haiuzwi kwenye foleni ya magari kama karanga. Uholanzi sheria inakataza tangu mwaka wa 2014 kuwatenganisha makinda wa kasuku na wazazi wao kabla ya umri uliowekwa. Na upole haupotei. Kinda anaweza kubaki na wazazi wake wakamlisha wao, nawe ukawa unamshika mkononi dakika chache kila siku tangu manyoya yanapoanza kuota. Anatoka kwenye kiota akikufahamu wewe, na akijua pia kwamba yeye ni ndege.

Kuhusu yule kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, anayesifiwa sana kwa kusema, sheria haina mzaha. Mkutano wa mataifa wa mwaka wa 2016 ulimweka katika orodha ya juu kabisa ya viumbe ambao biashara yao ya kimataifa imepigwa marufuku. Hapa Kenya huwezi kumfuga bila kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Anayekuuzia kinda wake bila karatasi anakuuzia kesi.

Ikiwa tayari unaye kinda nyumbani usiku huu, usimtupe wala usikate tamaa. Kwanza mpatie joto, na usimlishe mpaka mwili wake uwe na joto, kwa maana kinda aliyepoa hawezi kusaga chakula. Tafuta unga maalumu wa kulishia makinda wa kasuku, si uji wa mtoto. Changanya upya kila mlo, pima kwa kipimajoto, koroga, pima tena, na kilichobaki kimwage. Usimlishe kabla gole halijapungua, na walau mara moja katika saa 24 liache liishe kabisa. Gole likibaki limejaa asubuhi, au likitoa harufu ya kuchacha, hapo si pa kujaribu dawa za nyumbani. Mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, na umpigie simu kwanza umwulize kama amezoea ndege, kwa maana wengi wamezoea ng'ombe na mbwa. Kama ulimwokota chini ya mti, mrudishe kwenye kiota chake. Ile imani kwamba mama humkataa mtoto aliyeshikwa na binadamu si kweli.

Na kama bado hujanunua, mwambie muuzaji maneno machache tu: "Nionyeshe akila." Awekewe mtama na kipande cha sukumawiki mbele yako, na umwone akipasua mbegu na kumeza bila msaada wa mtu. Kokateli hufikia hapo akiwa na majuma saba hadi kumi. Yule wa kijivu huchukua miezi mitatu au zaidi. Muuzaji akisema kinda atajifunza akifika kwako, mrudishie boksi lake.

Binti yangu sasa ni msichana mkubwa. Miaka miwili baada ya kisa kile aliniomba tena ndege, na tukanunua kokateli wawili wazima, dume na jike, waliokuwa wakipasua mbegu zao wenyewe. Wamewekewa sanduku la mbao barazani, mahali pasipo na upepo. Mwezi uliopita walitaga mayai manne. Watatu wameanguliwa, na wazazi hupokezana kuingia humo na gole limejaa, saa zote, hata sisi tukiwa tumelala. Kazi yetu ni kuwawekea maji safi na kunawa mikono.